Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na Baba mkafika leo kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wake, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mtu ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Haloo. Nimeandika kurasa tano, tarehe zote nimezihakikisha mara tatu, na pale ambapo karatasi zilipingana na watu nimesema hivyo, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza iwe hivyo, na agizo hilo nitalieleza litakapofika mahali pake.

Baba alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1949, saa moja na nusu asubuhi, katika nyumba ya tatu ya safu ya wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya watano wa mshika bendera wa stesheni na mke wake aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli ya wasafiri. Cheti chake kinasema tarehe 10, kwa kuwa siku ya tarehe 9 karani alifunga ofisi mapema, na Baba aliilalamikia siku hiyo moja maisha yake yote, kiasi kwamba kila alipojaza fomu aliandika tarehe ya cheti kwa kalamu, halafu pembeni, kwa penseli, akaandika tarehe ya kweli.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957 katika shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akarudia darasa la nne, jambo ambalo shangazi yangu alitaka niliruke na ambalo Baba hakuwahi kulificha, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1965 na sekondari mwaka 1969, na kuanzia Januari hadi Desemba 1970 alisomea ufundi wa simu, ambako alitoka wa tatu katika darasa la watu ishirini na sita.

Jumatatu tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa kuwa fundi msaidizi wa simu, akapanda nguzo kwa miaka sita, akaunganisha nyaya za chini ya ardhi kwa miaka minane, kisha akahamishiwa chumba cha mitambo, chumba kirefu kisicho na madirisha, chenye harufu ya risasi ya kulehemu, ambako alibaki hadi alipostaafu. Jina la Mzee Haloo alilipata akiwa bado kijana wa miaka ishirini na mitatu, kwa sababu kila alipomaliza kutengeneza laini alisema, "Haloo, unanisikia?" na hakuweka sahihi kwenye kadi ya kazi mpaka mtu wa upande wa pili amjibu kwamba anamsikia, hata kama mtu huyo ilibidi aitwe kutoka shambani na fundi asubiri nusu saa akining'inia kwenye nguzo kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Naomba mniruhusu nisimulie siku tatu za kazi hiyo, kwa kuwa zina uhusiano na yatakayofuata. Mwezi Agosti 2003 mtambo wa zamani uliamriwa kuzimwa, laini mia mbili na kumi na mbili zilikuwa bado ziko juu yake, na mkuu wa kituo alimwambia Baba ashushe swichi aende nyumbani. Baba alikataa. Alivuta kiti, akachukua orodha, akawapigia wateja wote mmoja mmoja kuwaambia kwamba laini yao itakatwa Ijumaa saa sita mchana, na kazi hiyo ilimchukua siku tatu, maana wengi wao walikuwa wazee na walitaka kwanza kuzungumza habari za miguu yao. Mkuu wa kituo alipomuuliza kwa nini anajisumbua, alimjibu, "Mwenye laini aambiwe. Asije akakaa anaongea na ukuta."

Mama alikuwa opereta katika jengo hilohilo, ghorofa ya juu, na walijuana kwa sauti miezi mitano kabla ya kuonana. Inasemekana wiki moja Baba alijaribu laini moja mara nne kwa siku, na Mama akamjibu kwamba anamsikia, na jana pia alimsikia, na juzi, na kama laini hiyo ina ugonjwa usiopona basi aje aitazame mwenyewe. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa aliyezaliwa 1980, dada yetu aliyezaliwa 1984, na mimi niliyezaliwa 1995, wakati ambapo Mama alikuwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto kwa majirani na ikabidi aende kuziomba tena.

Baba alistaafu tarehe 9 Machi 2004, kwa hesabu yake, au tarehe 10 kwa hesabu ya ofisi. Baada ya hapo alikuwa na mambo matatu. La kwanza lilikuwa redio za zamani, alizoziweka kwenye meza ya kazi kando ya jiko, redio kumi na nne, sita zikizungumza na nane zikiwa, kwa maneno yake, zinafikiria. Kwenye meza hiyo ndipo aliponifundisha kulehemu waya nikiwa na miaka minane, akinishika mkono kwa nyuma, na akinikataza kupuliza moshi. La pili lilikuwa daftari la jalada la kijani aliloliandika neno KERO kwa herufi kubwa, ambamo aliweka kila kilichomuudhi katika kuzeeka, kwa tarehe, bila kumlaumu mtu. Nimeruhusiwa na Mama kusoma machache. Tarehe 3 Mei 2015 aliandika kwamba vifuniko vya chupa za dawa vimebuniwa na mtu asiyetarajia kuugua. Tarehe 21 Novemba 2017 aliandika kwamba siku hizi mtu akipigiwa simu huulizwa kwanza yuko wapi, ilhali zamani hilo halikuhitaji kuulizwa, alikuwa palipo na simu. Tarehe 8 Januari 2019 aliandika kwamba amekwenda chumbani mara tatu kufuata kitu, na mara ya tatu amekaa kitandani ili kitu chenyewe kije. Na tarehe 12 Julai 2020 aliandika, "Siku hizi kila mtu ananong'ona, hata mtangazaji wa taarifa ya habari." Haya alitusomea mwenyewe mezani, nasi tukacheka mpaka dada akapaliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni tangu lini mtangazaji ananong'ona.

Jambo la tatu lilikuwa kwaya. Kwaya ya wafanyakazi wa simu ilianzishwa mwaka 1974, Baba akawa mmoja wa waanzilishi, akaimba besi kwa miaka arobaini na saba au hamsini kasoro mwezi mmoja, itategemea mnavyohesabu, na nitaeleza kwa nini kuna hesabu mbili. Hakukosa mazoezi ya Alhamisi ila kwa ugonjwa na kwa kuzaliwa kwetu, na katika kuzaliwa kwangu alikosa nusu tu. Hata baada ya ofisi yenyewe kufungwa kwaya iliendelea, ikiwa na wastaafu wengi na vijana wachache, na tangu mwaka 2016 mimi ndiye niliyekuwa fundi mitambo wake, nikikaa nyuma ya ukumbi na mashine ya kuchanganya sauti, kila mwimbaji wa besi akiwa na maikrofoni yake kwa kuwa walibaki wanne, na ya Baba ikiwa kwenye kitufe namba saba, kimoja cha vile vya kuteleza vinavyopandisha na kushusha sauti, ambacho nilikibandika karatasi nyeupe na kuandika BABA.

Hapa naingia ukurasa wa tatu, ambao kaka yangu aliniomba jana niuache nyumbani.

Alhamisi tarehe 7 Oktoba 2021, kabla ya mazoezi, mwalimu wa kwaya, rafiki wa Baba wa miaka thelathini na tano, aliniita kwenye stoo ya ukumbi, kati ya viti vya plastiki vilivyopangwa hadi darini, akafunga mlango, akaniambia kwamba Mzee sasa anatoka nje ya sauti, anapanda juu ya wenzake kama mtu anayetafuta ngazi gizani, na kwamba waliohudhuria onyesho la Jumamosi iliyopita walianza kutazamana. Alisema hakuna atakayemwondoa na hakuna atakayemwambia, kwa sababu kumwambia ni kumuua. Halafu akasema, "Mwanangu, tumshushe Mzee kidogo. Ataimba kama kawaida, ataona furaha yake, na watu hawatasikia kitu." Nilimuuliza kama kidogo ni kiasi gani, kwa sababu mimi hupenda kujua kiasi, naye akaniambia nitumie akili yangu.

Jumamosi tarehe 9 Oktoba nilishusha kitufe namba saba hadi nusu, na wenzake wakamfunika. Mwezi Novemba nilikishusha hadi robo. Onyesho la Desemba nilikishusha hadi mwisho, na hapo kilibaki kwa maonyesho yote yaliyofuata, thelathini na moja kwa jumla ukihesabu lile la kwanza, harusi kumi na mbili, mazishi manane, na sherehe kumi na moja za namna mbalimbali. Sauti yake ilifika safu ya pili ya viti, ikafia hapo. Wana besi watatu waliosimama naye walijua. Baada ya wiki chache kwaya yote ilijua. Mama, aliyekuwa akikaa nyuma karibu na mlango, na ambaye aliijua sauti hiyo kwenye waya kabla hajaijua sura, aliniuliza Januari tukiosha vyombo ni kwa nini hamsikii, nikamwambia, akakausha sahani ileile kwa muda mrefu, kisha akasema basi tusimvunje moyo. Kaka alijua. Dada alijua. Na Baba alirudi nyumbani kila mara akiwa amelowa jasho la kuimba, akauliza, "Leo besi tulikuwaje?" nasi tukajibu kwa pamoja kwamba walikuwa vizuri sana.

Hakuna aliyemwambia kwamba hasikii vizuri. Nataka niliseme hili kwa ukamilifu, kwa kuwa ndilo lililoniondolea usingizi. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini tuliompenda, na ilikuwa rahisi kwetu kumzima kuliko kumwambia.

Aliyemwambia alikuwa muuguzi asiyemfahamu, Jumatatu tarehe 22 Januari 2024, alipokwenda kupimwa shinikizo la damu, naye alimwambia kwa dakika mbili, kwamba mzee wangu, sikio la kushoto limechoka na la kulia linalifuata, nenda chumba namba kumi na moja. Baba hakufa kwa kuambiwa. Alikwenda chumba namba kumi na moja. Tarehe 5 Februari alirudi na vifaa viwili vidogo vya kusaidia kusikia, akakaa jikoni akasikiliza friji, akatuambia friji hilo lina ugonjwa wa mota na tumekaa nalo kama viziwi, na lilikuwa na ugonjwa kweli.

Jumamosi tarehe 17 Februari alisimama na kwaya akiwa na vifaa hivyo, na mwana besi mwenzake alinieleza baadaye kwamba siku hiyo hakutoka nje ya sauti hata mara moja. Mimi sikujua, kwa kuwa kitufe namba saba kilikuwa chini. Katika ubeti wa tatu wa wimbo wa mwisho, mahali ambapo kwaya yote hunyamaza kwa mapigo manne, Baba alikohoa. Nilimwona akiinua mkono kuomba radhi.

Jumapili tarehe 25 Februari alipata nakala ya onyesho kwenye flashi, iliyorekodiwa kutoka kwenye mashine yangu, akaiunganisha na redio yake mojawapo, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaniita. Alikuwa hajakasirika, alikuwa fundi mwenye hitilafu mbele yake. Aliniambia, "Nilikohoa ubeti wa tatu, maikrofoni iko mdomoni. Mbona kikohozi changu kinatoka nyumba ya jirani?"

Nilimjibu kwamba labda waya ulilegea. Nilimwambia hivyo fundi wa nyaya wa miaka thelathini na mitatu. Akaniagiza nikaulete waya huo, nikaenda ukumbini nikauleta, akaulaza mezani, akaupima ncha kwa ncha kwa kipimo chake cha zamani, polepole, mimi nikiwa nimesimama pale aliponifundishia kulehemu, kisha akaukunja vizuri, akaufunga kwa uzi, akanirudishia. Alisema tu, "Waya ni mzima."

Kwa siku tisa zilizofuata alisikiliza maonyesho yote aliyokuwa nayo, akianzia la mwisho na kurudi nyuma, na aliyaandika kwenye daftari la kijani. Nimelisoma daftari hilo baada ya msiba. Ukurasa una tarehe thelathini na mbili. Mbele ya tarehe 17 Februari 2024 ameandika, "Sipo." Mbele ya ile iliyotangulia, "Sipo." Mazishi ya rafiki yake mwenyewe wa chumba cha mitambo, ambapo alilia akiimba, "Sipo." Harusi ya dada yangu, "Sipo." Ukurasa wote unashuka hivyo, kwa mwandiko mmoja, bila neno la nyongeza, mpaka mstari wa mwisho, Jumamosi tarehe 2 Oktoba 2021, ambapo ameandika, "Nipo. Nimepanda juu ya wenzangu, kosa ni langu, linasikika wazi. Wangeniambia."

Jumanne tarehe 5 Machi alikwenda nyumbani kwa mwalimu wa kwaya kuuliza, akaambiwa kwamba mambo ya mitambo aliachiwa binti yake, yaani mimi. Tarehe 6 Machi aliandika barua, ambayo nakala yake ninayo, akisema kwamba yeye aliyeanza kuimba besi mwaka 1974, na ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu hajaimba tangu Oktoba 2021, anaomba kuondoka rasmi mahali ambako alikwisha kuondolewa. Hakuniuliza mimi chochote. Nami sikujitetea, kwa sababu nilingoja aniulize, na kila siku niliyongoja ilifanya maneno yale aliyoambiwa na mwalimu yazidi kuwa kweli.

Mwalimu wa kwaya yuko hapa. Asubuhi ya leo nilimwendea nikamwonyesha ukurasa huu, nikamwambia nitausoma, akavua miwani, akausoma wote, akasema, "Usome, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa."

Baba alianza kuugua Jumamosi tarehe 20 Aprili 2024, kwa kuishiwa pumzi na kuvimba miguu, akalazwa tarehe 22 Aprili hadi tarehe 10 Mei, akarudi nyumbani kwa wiki tatu, akalazwa tena tarehe 3 Juni, na madaktari walituambia ni moyo uliochoka, na walimwambia na yeye, jambo ambalo alilishukuru mbele yetu sote. Nilimtembelea kila siku saa kumi alasiri. Kila nilipoingia alinisalimu kwa heshima, akaniuliza kama nimekula, kisha akavua vifaa vyake vya masikio, kimoja kimoja, akaviweka kwenye kikasha, akafunga kifuniko. Dada alipoingia hakuvivua. Nililitazama hilo kwa siku zote alizolala hospitali, nami nililielewa.

Jumapili tarehe 9 Juni nilipofika hakuvivua. Aliniambia niandike mimi historia yake, si kaka, kwa sababu kaka ataweka sifa. Akasema, "Usinipandishe, usinishushe. Niache nilipo." Nikamwambia ndiyo, Baba. Kisha akavivua, akaviweka kwenye kikasha, akageukia dirisha. Hapo ndipo nilipopata ujasiri, wa kuchelewa kama kawaida yangu, nikamweleza yote, stoo, viti vya plastiki, nusu, robo, sifuri, nani alisema nini, na kwamba hata kama niliambiwa, mkono ulikuwa wangu. Nilisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka. Baba hakugeuka. Sijui kama alisikia, na sitawaambia kwamba alisikia.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi mitatu na siku mbili, Mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne, na redio kumi na nne, ambazo saba sasa zinazungumza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na kwa namna ya pekee yule muuguzi wa Januari, ambaye hatujui jina lake na ambaye alifanya kwa dakika mbili kazi iliyotushinda kwa miaka. Tunawashukuru majirani waliobeba maji, viti na sufuria, na jirani wa ukuta wa nyuma aliyesikiliza redio zetu kwa miaka ishirini bila kulalamika. Tunawashukuru mafundi na maopereta wa zamani, walioshuka leo kwenye basi wakiulizana kwa kelele kama wanasikiana. Tunaishukuru kwaya yake, pamoja na mwalimu wake, na hili nalisema bila kupandisha na bila kushusha.

Kaka alipendekeza tumalizie kwa onyesho la tarehe 17 Februari, kwa kuwa siku hiyo Baba aliimba vizuri. Nimemweleza kwamba sauti ya Baba ya siku hiyo haipo, hakuna mahali ilipohifadhiwa, mimi ndiye niliyehakikisha hivyo. Kilichopo ni dakika nne za tarehe 2 Oktoba 2021, siku ambayo wapo waliotazamana. Mtamsikia akipanda juu ya wenzake katika ubeti wa pili, na hatashuka mpaka mwisho. Nimeileta kama ilivyorekodiwa, vitufe vyote vikiwa pale vilipokuwa, na namba saba pia. Naomba tusitazamane.

Pumzika, Baba. Upo.